Matanga ya Mujaaja

Mimi ni mtu mzima, nina shahada mbili na kuna vijana wananiita mwalimu, lakini nikipita Bwaise mpaka leo huwa navuta kitambaa kichwani na kuharakisha hatua, kwa sababu kuna mtaa mzima kule uliofunga turubai, ukapika, ukaimba na kulia machozi ya kweli kwa ajili ya shangazi yangu, na shangazi huyo hakuwahi kuzaliwa. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka, ila nikicheka masikio yanapata moto.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uzamili hapo Kampala, Mkenya wa Bungoma niliyekuja na sanduku moja na maringo mengi, na utafiti wangu ulikuwa juu ya mujaaja. Kama huujui, ni ule mmea wa majani ya kunukia ambao Kampala karibu kila nyumba inao pembeni mwa jiko, unatiwa kwenye chai, anapewa mtoto mwenye tumbo, anachemshiwa mwenye mafua (Waswahili wana ndugu yake wanamwita mrihani). Tulikuwa na mbegu za aina mbili: za milima ya Kabale, kwenye baridi, na za bondeni kule Kasese, ambako jua likikukuta bila kofia unajuta kuzaliwa na kichwa. Wa Kasese huvumilia joto linalomuua wa Kabale, na sisi tulitaka kujua kama siri yake imo kwenye mitokondria.

Mitokondria (ngoja, usikimbie, naeleza mara moja tu) ni vitu vidogo mno vilivyomo ndani ya kila seli, kazi yao kuchoma chakula na kutoa nguvu, majiko ya seli kwa kifupi, na ajabu yake ni kwamba vina vinasaba vyao wenyewe, jenomu yao ya pembeni, mbali na ile kubwa iliyo kwenye kiini. Tulitaka kuisoma jenomu hiyo ya pembeni kwa wote wawili na kuilinganisha, maana joto linapanda, na dawa za bibi zetu hazina miguu ya kuhamia mlimani. Sasa ukitaka mitokondria safi lazima uukuze mmea gizani, giza la kweli, kwa sababu ukiona mwanga unageuka kijani, na ule ukijani nao una vinasaba vyake vinavyojaa kwenye kazi yako na kuichafua. Kwa hiyo mbegu zikishachipua unaziingiza gizani, na miche inatoka mirefu, imepauka, imelegea, huruma tupu.

Mbegu zangu za Kasese zilikuwa za mwisho. Kichaka zilikotoka kilikuwa kimefyekwa kupisha barabara, na zile nilizokuwa nimeziotesha ndizo zilizobaki zote. Zikiona mwanga kabla ya siku ya kuvuna, au zikifa, basi hakuna utafiti, na bila utafiti hakuna shahada, nami narudi Bungoma kumweleza mama kwamba ng'ombe aliyemuuza kunisomesha ameliwa na majani.

Ndipo kabati letu la joto pale maabara likaungua umeme uliporudi kwa kishindo. Msimamizi wangu, Dokta Kobusinge (mama mmoja mwembamba, hacheki ovyo, Kiswahili chake alikipata aliposoma Nairobi), akaniambia, "Nekesa, tafuta mahali pengine penye giza na joto, leo hii." Jioni nikamwambia, "Nimepata, Dokta," naye akadhani ni kwa rafiki yangu mmoja wa kule Kyambogo mwenye maabara nzuri, nami nikamwacha adhani.

Mahali penyewe palikuwa chumbani kwangu Bwaise. Usinitazame hivyo. Chumba kimoja cha kupanga, wenyewe wanaita muzigo, bati juu bila dari, mchana ni oveni tosha, na usiku nilikuwa najaza maji ya moto kwenye jerikeni, nazizungushia mablanketi, naziweka kando ya trei zangu mbili, moja ya Kabale na moja ya Kasese. Dirisha nililibandika kaveera nyeusi, ile mifuko ya plastiki, mlangoni nikatundika blanketi zito kwa ndani ili niingie bila mwanga kunifuata, na mimi mwenyewe nikawa nalala sakafuni kwa kupapasa. Kipimajoto nilikisoma kwa kijitaa nilichokizungushia karatasi ya kijani, mwanga hafifu ambao miche haiujali sana.

Mwenye nyumba aliitwa Nalongo, jina wanalopewa mama wa mapacha. Alikuwa mjane wa askari, na Kiswahili chake alikiokota kambini, kwa hiyo hata akikukaribisha chai unasikia kama umeamriwa. Asubuhi moja akanikuta bombani.

"Wewe Mukenya! Ndani unafanya nini? Asubuhi maji ya moto, jioni maji ya moto, dirisha umefunga na kaveera nyeusi. Unapika pombe ya waragi?"

Hapo ndipo ningesema ukweli mambo yakaisha. Lakini mpangaji aliyekuwa chumba hicho kabla yangu alifukuzwa, godoro lake likatupwa kwenye mtaro, kwa sababu alikutwa anaotesha bangi kwenye mikebe, na mimi nikajiona nikimwambia Nalongo, "Naotesha mimea gizani, lakini ni ya kisayansi." Halafu nilikuwa nimechelewa. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Nina mgonjwa, Nalongo."

"Mugonjwa? Nani?"

"Shangazi yangu. Ametoka Bungoma. Macho yanamuuma, hayataki mwanga hata kidogo, na baridi ikimpata anatetemeka."

Nalongo akaweka jerikeni chini. Uso wake ulilainika mpaka nikaona haya hapo hapo, lakini haya ndogo, ile unayoweza kutembea nayo.

"Bambi," akasema, yaani maskini. "Na unamwangaria peke yako?"

Nikaitikia, nikaondoka, nikajisifu njia nzima kwamba mimi kwa kweli nina akili. Uongo wenyewe ulikaa vizuri ajabu: maji ya moto, mablanketi, giza, kipimajoto, kila kitu nilichokuwa nafanya ni cha mtu mwenye mgonjwa. Nilichosahau mimi mgeni ni kwamba Kampala huwezi kuwa na mgonjwa peke yako. Niliporudi jioni kila niliyepishana naye uani aliniambia, "Webale kujjanjaba," ahsante kwa kuuguza, kwa sababu wale watu wanamshukuru mwenye kuuguza kana kwamba anawafanyia kazi wao. Mlangoni nikakuta katogo kwenye bakuli lililofunikwa, ndizi na maharagwe, bado linatoa moshi. Kesho yake uji. Kesho kutwa mayai ya kuchemsha (niliyala yote, Mungu anisamehe, shangazi hakuonja hata moja). Na mama mmoja akaniletea fungu kubwa la mujaaja mbichi nimchemshie mgonjwa anywe na mengine nimwogeshe, nami nikasimama pale nimekumbatia mujaaja niliopewa kuutibu mujaaja, nikakosa hata pa kutazama.

Kisha akaja Papa Josué. Huyu alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, chumba cha tatu kutoka kwangu, shemasi wa kanisa lao la Wakongomani, mtu mpole mwenye sauti nzito kuliko mwili. Alibisha na waimbaji wake nyuma.

"Dada Nekesa, tumekuya kuombeya mama mugonjwa. Hatuingiye, tunajua macho yake. Tutaimba huku inje, polepole."

Wakaimba. Waliimba vizuri jamani, mpaka nywele zilinisimama. Walipomaliza Papa Josué akasogeza mdomo karibu na mlango, akaita kwa upole, "Mama, unatusikia?" Kimya kikatanda uani, watu wote wanangoja, na mimi niko ndani gizani nimeshika trei. Sasa naomba unielewe. Nilikohoa. Nilikohoa kikohozi cha mama mzee, kirefu, cha kuvuta kutoka kifuani, na mwishoni nikaongeza kamlio kadogo ka kushukuru. Nje wakasema "Amina" kwa pamoja. Tangu siku ile kila mtu alijua Shangazi Nafula (ndiyo, nilishampa na jina) ni mcha Mungu.

Siku ya kuvuna ilipokaribia, Nalongo kwa wema wake akaniletea sufuria kubwa ya maji yanayotokota, akanisaidia kujaza jerikeni zote pale nje, akasisitiza baridi ya usiku ule ni mbaya. Ningemwambiaje kwamba mgonjwa wangu ana kiwango chake cha joto? Nikazipanga zote kuzunguka trei, nikalala kama gogo kwa uchovu, na nilipoamka alfajiri chumba kilikuwa kinanichoma pua. Nikapapasa trei ya kwanza. Miche ilikuwa imelala chini yote, laini, imeiva kama mchicha uliosahauliwa jikoni.

Nilipiga yowe. Sijui lilitoka wapi, mimi si mtu wa mayowe, lakini niliona kila kitu kimekwenda, mbegu za mwisho, miaka yangu, ng'ombe wa mama. Nikatoka nje nimeshika kichwa, nalia, na ukilia hivyo Kampala asubuhi na mapema kila mtu anajua maana yake. Milango ikafunguka. Nalongo alikuja mbio na leso mabegani.

"Amekufa?"

Na mimi, badala ya kutafuta hata neno moja, nikaitikia kwa kichwa. Kwa maana miche ilikuwa imekufa kweli, si ndiyo? Nalongo akanikumbatia. Alinuka moshi na sabuni, akanikandamiza kifuani, akasema, "Kitalo, mutoto yangu, kitalo," ile pole wanayompa aliyefiwa, na mimi nikaona raha ya kukumbatiwa nikalia zaidi. Nikamwomba aniache kidogo peke yangu, nikarudi ndani, nikafunga.

Ndipo nikakumbuka sikuwa nimeigusa trei ya pili. Nikapapasa. Ilikuwa imesimama! Mche mmoja mmoja, umechoka, umeinama kidogo, lakini umesimama. Nikawasha kile kijitaa nikasoma kibandiko: hii ndiyo ya Kasese, na ile iliyoiva ilikuwa ya Kabale, ambayo mbegu zake tulikuwa nazo kopo zima. Yaani joto lile lile, chumba kile kile, mmoja amepikwa na mwenzake anapumua. Nilicheka kwa sauti. Nikatoa jerikeni nusu, nikafunga kufuli, nikakimbia uani nikicheka na machozi bado mashavuni, nikawapita majirani waliokuwa wamesimama mikono vifuani, na nasikia nyuma yangu mtu anasema kwa Kiswahili kile cha mtaani, "Kichwa imeharibika. Huzuni imepanda."

Wallahi nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna mtu nimesema amekufa.

Pale maabara Dokta Kobusinge alinisikiliza na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Akaniambia tuvune kesho asubuhi, barafu iko tayari, na halafu, nikiwa nimefika mlangoni, akasema, "Jioni nitakuja kuiona mwenyewe. Ni wapi vile?" Nikasema Bwaise. Akarudia, "Bwaise?" kama mtu anayeonja kitu kisichokuwa kwenye menyu. Nikamweleza chumba, jerikeni na mablanketi. Jioni ilipofika akachukua funguo za gari.

Njiani nilikuwa na wasiwasi wa kitu kimoja tu, kwamba Dokta atachafua viatu kwenye ule mtaro wetu. Tukakata kona ya mwisho. Nikaona turubai.

Nikafikiri, maskini, kuna jirani amefiwa. Kulikuwa na mabenchi ya kanisa, wanawake wamevaa gomesi, yale magauni yao marefu ya mkanda, wameketi kwenye mikeka, gogo zima linawaka katikati ya ua, masufuria juu ya mafiga, kwaya ya Papa Josué imesimama kwenye kona inaimba taratibu. Gari liliposimama, wimbo ukakatika, na watu wote wakageuka kunitazama mimi. Tukashuka.

"Kitalo, nyabo," akasema mama wa kwanza akipiga magoti. "Kitalo," akasema wa pili. Wengi sikuwahi hata kuwasalimia. Dokta akavua miwani ya jua polepole.

"Nekesa. Umefiwa? Na ukaja kazini?" Akanishika bega, na macho yake yakalowa, yeye Dokta Kobusinge. "Mbona hukusema?"

Nisikufiche, kwa sekunde kadhaa nilifikiria kumzika tu huyo shangazi mambo yaishe. Lakini Papa Josué alikuwa amefika mbele yangu, ameshika kwa mikono miwili sanda nyeupe aliyoishona siku nzima, imepindwa vizuri, imepigwa pasi.

"Dada, sikujuwa urefu ya mama," akasema akinipima kwa jicho la fundi. "Nimefata urefu ya familia."

Na nyuma yake alikuwa mwenyekiti wa mtaa, chameni wetu, mzee mnene mwenye kalamu mfukoni, pamoja na wanaume wawili na nyundo. "Mutoto yangu, pore sana," akasema. "Lakini maiti hapana kaa chumba ya moto toka asubuhi. Sisi tunavunja kufuri, tunatoa mama yetu, tunapereka yeye hospitali ya Mulago kwa friji, alafu naandika barua ya kupita mupaka ya Busia. Ingia kwa kivuri, upumuzike."

Mlango ule ukivunjwa, blanketi litaanguka, jua lile la jioni lilikuwa linapiga moja kwa moja mlangoni kwangu. Nikarukia mlango nikatandaza mikono.

"Hakuna maiti! Jamani, hakuna maiti, ni mujaaja!"

Chameni akawatazama wenzake kwa huzuni. "Mumeona? Imepanda kichwa kabisa."

"Ni mujaaja wa Kasese! Shangazi hayupo! Hajawahi kuwapo!"

"Ndiyo, hayuko tena," akasema mama mmoja akinishika mkono kwa upole, "ameenda kwa Mungu." Na kadiri nilivyozidi kusema ukweli ndivyo walivyozidi kunihurumia, mwingine ananipepea na leso, mwingine anaagiza maji, na yule wa nyundo anatafuta pa kupiga. Ukweli ukichelewa, ndugu zangu, unaonekana wazimu.

Aliyeniokoa ni Dokta. Nilimwona anatazama kaveera nyeusi dirishani, anatazama jerikeni nilizoziacha nje, anatazama sanda, na uso wake ukapita kwenye rangi kadhaa. Akaja akasimama kando yangu, mgongo wake kwenye mlango, na viatu vyake vizuri ndani ya majivu.

"Weka nyundo chini, ssebo," akasema. Kisha akanigeukia kwa sauti ndogo. "Mbegu za Kasese zimo humu?"

"Ndiyo, Dokta."

"Na hawa watu uliwaambia nini?"

Nikasema. Nilisema yote, kwa sauti, mbele ya gomesi zile zote, tangu bombani mpaka kikohozi. Nilipofika kwenye kikohozi Papa Josué alifumba macho. Hakuna aliyecheka. Nilitamani mtaro wa Bwaise ufurike unichukue.

Nalongo alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mbele, mahali pa mfiwa mkubwa. Akanyanyuka.

"Mimi nimelia," akasema. "Toka asubuhi. Unajua kwa nini nimelia kwa mutu sijui? Bwana yangu alikuwa asikari. Aliumwa hapa hapa Bwaise, vita imeisha juzi tu, sisi wageni, watu wanaogopa mutu ya jeshi. Hakuna mutu aliingia kwa mulango yangu. Alikufa, nikakaa na yeye, mimi na watoto yangu, mupaka wakubwa yake wakatuma gari. Nikasema, nikipata nyumba, kwa nyumba yangu hakuna mutu ataria peke yake. Na wewe umecheza na hiyo."

Nilipiga magoti kwenye vumbi. Nimeshaomba msamaha mara nyingi maishani, mwingine wa mdomo tu, lakini ule ulikuwa wa kweli. Nikamwambia sina cha kujitetea, nilimwogopa kunifukuza, na kilichomo ndani ndicho cha mwisho nilichonacho, kikiona mwanga kimekwenda, na kama anataka kufungua basi afungue, ni nyumba yake, mimi sitamzuia. Nikamnyooshea ufunguo.

Nalongo akautazama ufunguo. "Nataka kuona mugonjwa," akasema.

"Hutaona kitu, Nalongo. Ni giza."

"Basi nitaona giza."

Tukaingia wawili, upesi, Dokta na Papa Josué wakanyoosha ile sanda mlangoni kuzuia jua wakati tunapita, nikafunga mlango, nikashusha blanketi. Ndani joto lilikuwa jema, na harufu ile ya mujaaja mchanga ilijaa, tamu yenye ukali kidogo. Nilimshika Nalongo mkono, kiganja chake kigumu cha kazi, nikakiongoza chini polepole mpaka vidole vikagusa vichwa vya miche. Akashtuka kidogo. Halafu akaacha vidole vyake hapo, vinatembea, mche baada ya mche, kama anavyogusa mtu kichwa cha mtoto mchanga. Nilimsikia anavuta pumzi puani.

"Kweri ni mujaaja," akanong'ona. Kisha, "Inaishi."

"Inaishi, Nalongo. Ile nyingine ilikufa kwa joto. Hii ilivumilia. Tunataka kujua imewezaje."

Tulipotoka watu wote walikuwa wamesimama. Nalongo akajifuta mikono kwenye gomesi yake, akatangaza kwa ile sauti ya kambini, "Hakuna mutu amekufa. Ndani kuna majani, na iko hai." Midomo ikaanza kumcheza. "Huyu Mukenya ametulisha matanga ya mujaaja!"

Papa Josué ndiye aliyeanza, kicheko kizito kilichomkunja mpaka akakalia benchi, akifuta macho na kona ya sanda, kisha wale wamama, kisha chameni aliyeshika tumbo kwa mikono miwili, kisha hata Dokta akageukia gari lake mabega yakimtikisika. Mimi nilikuwa bado mlangoni, nacheka na kulia, sijui lipi linaongoza.

Jua lilipozama ubaridi ukaanza kushuka, na Nalongo ndiye aliyesema, "Maji ya mugonjwa imepoa." Basi masufuria ya chakula yakateremshwa, ya maji yakapanda kwenye moto ule ule wa msiba, na jerikeni zangu zikajazwa na watu waliokuja kuzika, safari hii na kipimajoto, Dokta akisimamia. Chameni akatoa hukumu: kwa kuliza mtaa bure, nitapita benchi kwa benchi nikieleza kilichomo ndani mpaka kila mtu aelewe. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Niliposema majiko ya seli, mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo kila jani iko na sigiri ndani, na ya Kasese sigiri yake inavumiria?" Nikasema ndicho hasa tunachotaka kujua. Chakula kililiwa chote, maana chakula cha matanga hakirudishwi jikoni.

Asubuhi tulivuna kwa kale kataa ka kijani, Dokta na mimi, mlango umefungwa, na nje Nalongo amekalia kigoda anafukuza kila anayekaribia. Miche haikuwa na hata chembe ya ukijani. Pale maabara kazi ilitoka safi, safi kuliko nilivyothubutu kuomba, na miezi ilipopita tukaisoma ile jenomu ya pembeni ya wa Kasese, na baadaye ya wa Kabale, tukakuta mahali kadhaa ambapo hazifanani kabisa.

Nilikwenda kumwambia Nalongo bombani. Akasikiliza hadi mwisho, jerikeni yake inafurika.

"Sasa mumejua dawa ya joto?"

"Bado. Tumejua pa kutafuta tu. Inaweza kuchukua miaka, na inaweza isiwe hapo."

Akafunga bomba, akajitwisha jerikeni yake, akasema, "Basi tutangoja. Kukaa na mugonjwa tunajua."

Nami toka siku ile nimeapa, mtu akiniuliza nina nini chumbani, hata kama nimechelewa, hata kama ni askari, nakaa chini namweleza mitokondria tangu mwanzo, na asipoamini namshika mkono namwingiza gizani aguse mwenyewe. Wengine wananiona nina maneno mengi. Sawa tu. Afadhali nichoshe watu kwa ukweli kuliko kuwaliza tena kwa shangazi.